Damu ya Mzee kwenye Karatasi Tatu

Siku binti yangu alipokuja kiwandani kama mteja, alinipa mkono kama mtu aliyekutana nami mara ya kwanza kwenye foleni ya benki.

"Habari za kazi, Fundi," akasema.

Saa mbili kabla ya hapo nilikuwa nimempigia pasi blauzi aliyovaa. Shingoni alikuwa na mkufu wangu, aliouazima kwa utaratibu wake wa kawaida, yaani bila kuniambia.

"Nzuri tu, karibu," nikamjibu, nikaupokea mkono wake. Kidole gumba changu kilikuwa na wino mweusi usiokauka vizuri, lakini hilo nilimwachia aligundue mwenyewe.

Mimi ni mchanganya wino. Miaka ishirini na sita sasa nasimama mbele ya meza yenye kioo juu yake, kisu bapa mkononi, makopo ya wino yamenizunguka. Wenzangu wananiita Bi Tone, kwa sababu rangi yoyote ninayoichanganya lazima niimalizie kwa tone moja la kitu fulani kwenye ncha ya kisu, kisha nirudi nyuma hatua mbili niitazame kwa jeuri. Kwa matone hayo nilimsomesha binti yangu kuanzia chekechea mpaka shahada. Na shahada yenyewe ilimpatia kazi kwenye kampuni ya bima, ambako kwa miezi minne alikuwa Afisa wa Chapa na Mawasiliano, bado yuko kwenye muda wa majaribio. Chapa hapo haina maana ya kuchapa. Niliuliza siku ya kwanza, nikaonekana mshamba.

Tuliingia ofisini kwa Bosi wangu, mtu mwema anayemiliki mashine nne na kuziogopa zote. Binti yangu akafungua mkoba, akaeleza kazi. Kampuni yao ilikuwa inazindua sura mpya. Walitaka kalenda kwenye karatasi nene ya kung'aa, karatasi za barua kwenye karatasi ya kawaida ya kuandikia, na mifuko ya kaki ya kuwagawia wageni na mawakala. Vyote vitatu viwe na nembo kubwa ya rangi moja.

Akaweka mezani kitabu cha sampuli za rangi, vile vijikaratasi vyembamba vinavyofunguka kama mkia wa tausi, akanionyesha kimoja.

"Hii," akasema. "Inaitwa Machweo ya Imani."

Nikavaa miwani. "Hii ni damu ya mzee."

"Kwenye waraka wetu inaitwa Machweo ya Imani, Fundi."

"Sawa. Ila nyinyi ni kampuni ya bima, na katika mambo yote ya jua mmechagua linavyozama."

Bosi akanipiga teke chini ya meza, akakosea, akapiga mguu wa meza. Akakunja uso kwa maumivu, kisha akaugeuza kuwa tabasamu la biashara.

Nikaanza kueleza, kwa upole kabisa, maana mteja ni mteja. Nikasema karatasi ya kung'aa imepakwa kitu juu, kwa hiyo wino unakaa juu yake na kung'ara, kama mafuta kwenye ngozi iliyooga. Karatasi ya kuandikia haina kinga hiyo. Inaunywa wino, na rangi inafifia. Kaki nayo, mbali na kunywa, ina rangi yake ya kahawia, na haina mpango wa kumpisha mgeni. Ukichukua wino uleule ukaupiga kwenye karatasi hizo tatu, utapata rangi tatu. Ili macho yaone rangi moja, lazima nichanganye wino mara tatu, kila karatasi na mchanganyiko wake.

"Nipe siku mbili za majaribio," nikasema, "nitakuletea vipande vitatu uvilinganishe dirishani."

Binti yangu alinisikiliza kwa subira ile anayomsikiliza nayo muuza dawa za mende. Kisha akasema, "Fundi, nakuheshimu. Lakini kitabu hiki kina namba. Namba ni moja, kwa hiyo wino ni mmoja. Ukianza kunichanganyia mara tatu, hapo ndipo tutapata tofauti. Mkurugenzi anataka rangi moja. Hataki ukoo wa rangi."

Kitabu chake kilichapwa chote kwenye karatasi ya kung'aa. Nilikigeuza nyuma nikatafuta sehemu ya karatasi nyingine, haikuwepo. Hilo nalo nikamwambia. Akatazama saa.

Akachukua fomu ya kazi, akaandika kwa mwandiko wake mzuri, niliomfundisha mimi kwa penseli na makofi madogo ya mgongoni: *Mchanganyiko mmoja kwa karatasi zote. Hakuna mabadiliko.* Akatia sahihi. Bosi akaipokea kama mtu aliyepewa hirizi.

Jioni ile nyumbani nilimkuta anaosha vyombo. Nikaona hapa si ofisini, hapa nina cheo.

"Mwanangu, ile kazi yenu..."

"Mama," akasema bila kugeuka, "mambo ya ofisi tuyaache ofisini. Tafadhali."

Basi nikayaacha. Niliyaacha kwa roho safi kabisa, kama mtu anayempisha mwenzake kwenye kiti anachojua kina mguu mbovu.

Wiki iliyofuata nikachanganya wino kwa namba. Nyekundu yenye joto, nyekundu ya zambarau kidogo, nyeusi kiasi, vyote kwa mizani, na tone langu nikajinyima, maana fomu haikuniruhusu ubunifu. Tukaanza na kalenda. Ikatoka nzuri mno. Rangi ilikuwa nzito, tulivu, na ukiinamisha karatasi inakukonyeza. Mwendesha mashine wetu, tunayemwita Babu Rola kwa sababu ya mvi alizozipata mapema na rola za mashine anazozifuta kutwa, aliinua karatasi moja akaitazama kwenye mwanga akapiga mluzi.

Kisha tukaingiza karatasi ya kuandikia. Babu Rola akatoa karatasi ya kwanza, akaigeuza pande zote mbili. Akatoa ya hamsini. Akaniletea.

"Bi Tone, hii imekuwa tofali."

"Soma fomu."

Akasoma fomu. Akarudi kwenye mashine.

Siku ya pili tukapiga kaki. Safari hii alikuja ameushika mfuko kwa vidole viwili, kama panya aliyeshikwa mkia.

"Haya sasa ni maini."

"Ya lini?"

"Ya juzi. Na hayakuwekwa kwenye friji."

"Soma fomu, Babu."

"Fomu nimeisoma mpaka naijua kwa moyo. Lakini huyu si mwanao?"

"Hapa ni mteja."

Alinitazama kidogo. Kisha akaenda zake. Mashine ikaendelea kutema maini, mfuko juu ya mfuko.

Nataka nieleweke vizuri hapa, kwa sababu watu wengi wakisimulia mambo yao wanapita sehemu hii mbio. Simu ilikuwa mfukoni mwangu. Ningeweza kupiga picha moja nikamtumia. Ningeweza kuubeba mfuko mmoja kwenye kikapu na kuuweka juu ya meza ya kulia chakula. Niliitoa hata simu yenyewe, nikaiangalia, nikaona saa, nikairudisha. Nilijiambia nimefanya kazi kama nilivyoagizwa. Nilijiambia mtoto anayemwita mama yake Fundi mbele za watu anahitaji somo. Nilijiambia mengi, na yote yalikuwa matamu. Alhamisi mchana gari likabeba makasha moja kwa moja mpaka kwenye ukumbi wa uzinduzi. Yeye, kwa haraka zake, alifungua kasha moja tu, la kalenda, akanipigia simu.

"Mama! Imetoka vizuri sana!" akasema, na sauti yake ilikuwa ya yule mtoto wa miaka saba aliyekuwa akinionyesha madaftari yake mlangoni.

"Nashukuru," nikasema.

Usiku wa siku hiyo, wakati wa kula, nilimpakulia mara mbili.

Ijumaa asubuhi Bosi alikuwa na kadi ya mwaliko ya watu wawili, akanichukua mimi. Mke wake, alisema, ana mafua. Ukweli ni kwamba alitaka mtu wa kusimama mbele yake likitokea swali. Ukumbi ulikuwa mkubwa, una madirisha marefu upande mmoja, na jua la saa nne lilikuwa linaingia bila huruma. Mwanga mzuri kuliko wote wa kuangalia rangi. Juu ya kila kiti wahudumu wa ukumbi walikuwa wameweka mfuko wa kaki, na ndani yake kalenda na barua ya kumkaribisha mgeni.

Mkurugenzi alipanda jukwaani. Alikuwa mtu wa makamo mwenye tai ya rangi ileile, damu ya mzee, akazungumza kwa dakika arobaini. Alisema kampuni yao ilikuwa imetawanyika, sasa imekuwa kitu kimoja. Rangi moja, akasema, sauti moja, familia moja. Kila aliposema "moja" aliinua kidole, na wafanyakazi wa mstari wa mbele wakapiga makofi kwa bidii ya watu wenye mikataba ya muda mfupi. Binti yangu alisimama pembeni mwa jukwaa, mikono ameifumbata. Kutoka nilipokaa niliona kwamba ameshauona mfuko. Mgeni wa kiti cha kwanza alikuwa ameuning'iniza kitini, na binti yangu alikuwa anautazama huo tu.

Baada ya hotuba, Mkurugenzi akamkaribisha Mwenyekiti wa bodi aseme neno. Alikuwa mama mtu mzima, mfupi, miwani inaning'inia kifuani kwa mnyororo. Akasimama bila haraka. Akatoa kalenda kwenye mfuko, akailaza mezani. Akatoa barua, akailaza kando yake. Akaulaza na mfuko. Akavaa miwani. Kisha akamwinamia Mkurugenzi amnong'oneze, ila kipaza sauti kilikuwa wazi.

"Samahani, Mkurugenzi. Hizi ni kampuni ngapi?"

Ukumbi mzima ukashika mifuko yake. Nikasikia makaratasi yakichakacha safu kwa safu, kisha kicheko kimoja nyuma, kisha vingi. Mtu mmoja karibu nami akamwambia mwenzake, "Mimi nilidhani barua ni ya zamani." Mkurugenzi akashusha kidole, maana kilikuwa bado juu, akageuka kumtazama binti yangu.

Hiyo ndiyo dakika niliyokuwa nimejiandalia. Wiki nzima nilikuwa nimeionja kichwani. Nilikaa vizuri kwenye kiti nikisubiri raha inifikie, na haikuja. Kilichokuja ni kwamba niliona mwanangu anavuta chini pindo la sketi, mara ya pili, mara ya tatu, na nikataka kuondoka.

Akasogea kwenye kipaza sauti. "Ni kosa langu," akasema. "Mchapaji alinitahadharisha mapema kwamba karatasi tofauti zitatoa rangi tofauti. Aliomba siku mbili za kujaribu. Mimi ndiye niliyekataa."

Akaishia hapo. Hakutaja fomu wala kwamba hatukumpigia simu. Hakutazama upande wetu. Bosi akanisogelea sikioni, mara ya kwanza katika maisha yake akiwa amejiandaa. "Fomu ninayo mfukoni," akanong'ona. "Niitoe?"

"Ukiitoa," nikamwambia, "nitakulisha hiyo hiyo."

Ningeweza kusimama pale. Kila nikiikumbuka siku hiyo huwa najisimamisha, nasema kwa sauti: mimi ndiye niliyechanganya, nilijua, nikanyamaza. Kwenye kumbukumbu hizo nazungumza vizuri sana. Siku yenyewe niliinama nikatazama viatu vyangu. Vilihitaji kung'arishwa.

Mwenyekiti akaitikia kwa kichwa, akavua miwani. Akasema kalenda ibaki, barua na mifuko ichapwe upya kabla ya kwenda kwa mawakala, na akataka aletewe yeye mwenyewe vipande vya majaribio. Mkurugenzi akamwambia binti yangu neno moja tu: "Jumatatu."

Jumamosi na Jumapili nyumbani kwetu palikuwa na adabu ya hospitali. Naomba chumvi. Chumvi hii hapa. Asante. Karibu.

Jumatatu saa sita alikuja kiwandani, moja kwa moja kwenye chumba cha wino, hakupitia ofisini kwa Bosi. Amevaa viatu bapa. Mkononi ana mfuko mmoja wa maini.

"Wamenipa barua ya onyo," akasema. "Na wiki moja. Nifundishe."

Nikaweka kisu chini. Nilikuwa nimeandaa maneno tangu Ijumaa, yakapotea yote, nikabaki na yale mafupi. "Nilijua," nikasema. "Tangu karatasi ya kwanza ya barua. Simu nilikuwa nayo. Sikukupigia makusudi."

"Najua."

"Unajuaje?"

"Mama, ulinipakulia mara mbili. Wewe tangu nizaliwe hujawahi kunipakulia mara mbili isipokuwa umenikosea."

Nikachukua kitambaa nikaanza kufuta kioo, ambacho kilikuwa kisafi.

"Na mimi nilijua," akasema.

"Ulijua nini?"

"Kwamba unasema kweli. Nimekulia hapa chini ya meza hii, unadhani sijawahi kusikia karatasi inakunywa wino?" Akaketi juu ya kopo tupu. "Lakini nilishamwambia Mkurugenzi namba moja inatosha. Nilimwambia mbele ya watu, akanisifia. Wiki hiyohiyo. Ningerudije kumwambia nimesahihishwa? Na nani? Kule hawajui unafanya kazi gani. Walipouliza nilisema mama yangu yuko kwenye sekta ya uchapaji."

"Sekta!"

"Ndiyo."

"Miaka ishirini na sita, mikono yangu haijawahi kutakata hata siku ya harusi yangu, kumbe niko kwenye sekta."

Alianza yeye kucheka, kisha ikawa si kicheko, akafunika uso kwa ule mfuko. Nikamwacha kidogo. Halafu nikamvika aproni ya Babu Rola, iliyomfika kwenye vifundo vya miguu, nikampa kisu.

Sasa, kuna watu wanaofikiri kazi hii ni kumwaga na kukoroga. Mmoja wao alikuwa mwanangu, kwa muda wa nusu saa hivi. Tulianza na karatasi ya kuandikia. Nikamweleza kwamba kwa sababu inakunywa, wino wake lazima uwe mkali zaidi ya unavyotaka kuuona. Nyekundu iongezwe, nyeusi ipungue. Akaongeza nyekundu. Kisha, kwa ushujaa wa mtu mwenye shahada, akaona iko wazi mno, akatia nyeusi kama anatia sukari.

"Umeua," nikamwambia.

"Si kidogo tu?"

"Nyeusi haina kidogo. Anza upya."

Alianza upya mara tano. Kila mara tulipaka kipande kwa kidole, tukakiweka kando ya kalenda, tukakipeleka dirishani. Kipande cha tatu kilifanana kabisa, akaruka. Nikamwambia asiruke mpaka kesho, wino ukikauka kwenye karatasi ile unabadilika. Kesho yake kilikuwa tofali. Alikaa akakitazama, na mimi, ambaye wiki mbili kabla ningetoa hotuba, nikamsogezea makopo.

Kaki ilitutesa zaidi. Hapo hata mimi sikuwa na uhakika. Tulijaribu kukaza wino, ikawa maini mapya badala ya maini ya juzi. Ndipo Babu Rola, aliyekuwa anapita pita kama hana habari, akasema kwa nini tusipige nyeupe kwanza chini ya nembo, ikauke, ndipo rangi ije juu. Nilikuwa nalijua jambo hilo. Nilikuwa pia najua kwamba mashine yake itapita mara mbili kwa kila mfuko, na kwamba yeye ndiye atakayesimama pale siku mbili zaidi.

"Uko tayari?" nikamuuliza.

"Nimechapa maini maelfu," akasema. "Nahitaji kutubu."

Alhamisi tulikuwa na vipande vitatu vikavu. Binti yangu akavipanga dirishani, akarudi nyuma hatua mbili. Si kwamba vilikuwa sawasawa kabisa. Mwenye jicho kama langu angeona kaki ina ukungu kidogo. Lakini mtu wa kawaida, aliyekuja kukata bima ya gari lake, angeona damu ya mzee moja tu.

Alivipeleka mwenyewe kwa Mwenyekiti. Aliporudi alinieleza kwamba yule mama alivichukua mpaka nje kwenye ngazi, akavigeuza geuza juani, akauliza ni nani aliyechanganya. "Nikamwambia mimi na mama yangu," akasema. "Akauliza mama yako ni nani. Nikamwambia." Alilisema hilo huku anatafuta kitu kwenye mkoba, hakunitazama, nami nikawa nafuta kisu.

Kisha akavipeleka kwa Mkurugenzi, ambaye alivitazama chini ya taa za ofisini kwake, akavilinganisha na mfuko wa zamani na barua ya zamani, akatafakari, akasema haoni tofauti yoyote, ila kama Mwenyekiti ameridhika, naye ameridhika. Inaelekea siku ile ukumbini hakuwa ameelewa watu wanacheka nini.

Muda wa majaribio wakamwongezea miezi mitatu. Barua ya onyo imo kwenye faili lake, na aliniambia amekwisha kuizoea, kama kovu la chanjo. Mwezi uliofuata alikuja na kazi mpya, ya kijani, kwa ajili ya tawi lao jipya. Kabla hata ya kuomba fomu alinirushia mezani karatasi tatu tofauti, akatundika mkoba msumarini, akauliza aproni iko wapi. Tulibishana kuhusu kijani hicho tangu asubuhi mpaka saa nane. Yeye aliona kinahitaji manjano, mimi niliona hakihitaji. Tulianza na kaki, kwa sababu ndiyo yenye inda kuliko zote, na kwenye kaki, nasikitika kusema, aliyepatia ni yeye.